Neno Moja, Ahadi Ngapi? Kwa Nini break Haikutoi Pale Unapotaka

Kuna swali lisilokauka katika makundi ya watu wanaojifunza kuprogramu, liwe kundi la Nairobi, la Dar es Salaam au la Kampala. Mtu alianza na Python, sasa amehamia Go kwa sababu ndiyo inayotumika kazini. Ameandika programu ya kupokea ujumbe mmoja baada ya mwingine, na ukifika ujumbe wa "mwisho" programu isimame. Haisimami. Inazunguka tu mpaka aizime kwa nguvu. Msimbo wenyewe ni huu:

```
for {
    ujumbe := soma()
    switch ujumbe {
    case "mwisho":
        break
    default:
        shughulikia(ujumbe)
    }
}
```

Akiandika jambo lilelile kwa Python, programu inasimama bila shida:

```
while True:
    ujumbe = soma()
    match ujumbe:
        case "mwisho":
            break
        case _:
            shughulikia(ujumbe)
```

Kule ni break, na huku ni break. Limekaa palepale. Kosa liko wapi?

Wanaomjibu huwa wepesi wa kulaumu: hakusoma vizuri, amekimbilia lugha ya pili kabla ya kuiva katika ya kwanza, au Kiingereza chake ndicho kinachomwangusha. Lawama hizo si za haki. Alichokumbana nacho ni jambo ambalo wabunifu wa lugha za kompyuta wamebishana juu yake kwa zaidi ya miaka hamsini: je, neno moja la lugha lifanye kazi ileile kila linapotokea, au kazi yake ibadilike kulingana na mahali lilipowekwa?

Tukubaliane kwanza juu ya istilahi. Kila lugha ya kuprogramu ina maneno machache iliyoyachukua na kuyafanya mali yake. Nitayaita maneno maalumu. Huwezi kukipa kigeu chako, yaani jina unalotumia kutunza thamani, jina la for au if au return, kwa sababu maneno hayo yamekwisha kupewa kazi. C ya kiwango cha mwaka 1989 ilikuwa na maneno maalumu 32. Go ina 25. Python ya sasa ina 35, bila kuhesabu machache kama match na case ambayo huwa maalumu katika sehemu fulani tu za msimbo na kwingineko unaweza kuyatumia kama majina ya kawaida.

Maneno hayo ndiyo mifupa ya programu. Ukisoma msimbo wa mtu usiyemjua, majina ya vigeu na ya fankisheni (vipande vya msimbo vilivyopewa jina ili viitwe vinapohitajika) ni ya kwake na unayachukua kwa tahadhari. Maneno maalumu unayaamini moja kwa moja, bila kuuliza. Ndiyo maana neno maalumu lenye tabia mbili lina hatari kuliko jina baya la kigeu: msomaji halitilii shaka.

Sasa break. Kazi yake kwa maelezo mafupi ni kukutoa ndani ya kitu kilichokuzunguka. Ugumu wote uko katika kuamua kitu kipi kinahesabiwa kuwa kimekuzunguka.

Fikiria nyumba ya kupanga yenye korido na vyumba, na chumba kimoja kimegawanywa kwa pazia. Mtu aliyeko nyuma ya pazia anaambiwa "toka!" Hakuna atakayedhani ameambiwa atoke nyuma ya pazia tu, abaki amesimama kitandani upande wa pili. Pazia si ukuta. Lakini atoke chumbani, abaki koridoni? Au atoke nje kabisa ya nyumba? Hapo watu wenye akili timamu wanaweza kutofautiana, na wote wakawa na hoja.

Katika programu, nyumba ni mzunguko, yaani maagizo yanayorudiwa: for au while. Pazia ni if. Lugha zote nitakazozitaja zinakubaliana kwamba if ni pazia, na break hailihesabu. Ugomvi uko kwenye ile sehemu inayochagua njia moja kati ya nyingi, ambayo Go na C zinaiita switch na Python inaiita match. C inasema hicho ni chumba chenye kuta. Ukisema break ndani ya switch, umetoka kwenye switch, na mzunguko bado umekushika. Go inafuata C. Python inasema match ni pazia kama if, kwa hiyo break inapita moja kwa moja mpaka nje ya mzunguko.

Hilo ndilo jibu la kijana wetu. Lakini jibu hilo halitoshi, kwa sababu swali la maana zaidi ni nani aliamua switch iwe chumba, na kwa nini.

Habari yenyewe inaanzia kwenye BCPL, lugha aliyoibuni Martin Richards wa Cambridge, Uingereza, katikati ya miaka ya 1960. Ken Thompson wa maabara za Bell, Marekani, akaipunguza BCPL na kupata B, na kutoka B mwenzake Dennis Ritchie akaijenga C mwanzoni mwa miaka ya 1970. BCPL ilikuja kuwa na maneno mawili tofauti: break kwa kutoka kwenye mzunguko, na endcase kwa kutoka kwenye chaguo la matawi. Maneno mawili, kazi mbili, hakuna utata. Kwa nini basi C ina moja?

Ritchie alilieleza hilo mwenyewe mwaka 1993 alipoandika historia ya C. Yeye na wenzake walipojifunza BCPL katika miaka ya 1960, endcase ilikuwa bado haijawekwa. Kwa hiyo B na C zikalipa neno break kazi zote mbili, huku BCPL ikienda zake na kupata neno la pili. Hakukuwa na kikao kilichopima faida na hasara. Lugha mbili za ukoo mmoja ziliachana njia, na tawi lililokuja kutawala dunia ndilo lililobeba neno lenye mzigo wa mawili.

Mzigo huo ulizidishwa na tabia nyingine ya C. Ndani ya switch, kila tawi likimaliza kazi yake, programu haitoki. Inateremka kwenye tawi linalofuata na kulitekeleza pia, isipokuwa ukiizuia kwa break. Matokeo yake, mtu wa C huandika break mara nyingi sana mwishoni mwa matawi, na mara chache ndani ya mizunguko. Mkono unazoea kazi moja ya neno huku akili ikilijua kwa kazi nyingine.

Gharama yake ilionekana tarehe 15 Januari 1990. Mchana wa siku hiyo mtandao wa simu za masafa marefu wa AT&T nchini Marekani ulianza kuanguka. Kituo kimoja cha kuunganisha simu, cha New York, kilipata hitilafu ndogo, kikajiwasha upya kama kilivyoundwa kufanya, kikarudi kazini baada ya sekunde chache na kuwatumia jirani zake ujumbe. Jirani waliopokea ujumbe mwingine kutoka kwa kituo hicho wakiwa bado hawajamaliza kuushughulikia ule wa kwanza wakaanguka nao. Walipoamka wakawaangusha jirani zao. Vituo vyote 114 vilikuwa na programu ileile, iliyokuwa imefanyiwa mabadiliko Desemba 1989. Kwa takriban saa tisa, mamilioni ya simu hayakufika.

Chanzo, kwa maelezo ya kiufundi yaliyotolewa baadaye, kilikuwa break iliyokaa ndani ya if, if hiyo ikiwa ndani ya switch, na switch ikiwa ndani ya mzunguko. Mpangilio wa msimbo unaonyesha kwamba baada ya if kulikuwa na hatua ya kushughulikia ujumbe na kuandaa viashiria vya mahali data ilipo. Break ile ilipotekelezwa haikuishia kwenye if. Ilitoka mpaka nje ya switch, ikairuka hatua hiyo ya maandalizi. Kazi iliyofuata ikatumia viashiria ambavyo havijaandaliwa, na data nyingine ikaandikwa juu. Kompaila, yaani programu inayotafsiri msimbo kuwa lugha ya mashine, haikulalamika, kwa sababu kwa sheria za C msimbo ule ulikuwa halali kabisa.

Kisa hiki hutajwa kama onyo kwa wanafunzi: kuweni makini. Mimi nakisoma tofauti. Msimbo ule uliandikwa na wataalamu, ukapitiwa, ukajaribiwa, ukaingizwa katika mtandao uliosifika kwa uimara. Kama neno linaweza kuwapita watu hao wote, basi kuwaambia watu waongeze umakini ni kukwepa tatizo. Lililopaswa kuangaliwa ni neno lenyewe.

Hata hivyo halikuangaliwa kwa muda mrefu. C++, Java, JavaScript, C# na PHP zote zilirithi switch ya C pamoja na break yake, kwa sababu kila mbunifu alitaka watu wa C wajisikie nyumbani. C# ilipunguza makali kidogo kwa kukataza tawi lenye maagizo lisiteremke kimyakimya kwenye tawi linalofuata, lakini break ikabaki na kazi mbili.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawaligundui mpaka liwaume. Break ina ndugu yake, continue, ambayo kazi yake ni kuruka kilichobaki katika raundi hii ya mzunguko na kwenda raundi inayofuata. Ukiiweka continue ndani ya switch iliyoko ndani ya mzunguko, katika C inapita ukutani kana kwamba switch ni pazia. Kwa break ni chumba, kwa continue ni pazia. Ndugu wawili, wamesimama mstari mmoja, na kila mmoja anaiona nyumba kwa namna yake. Kwa continue hilo lina mantiki, kwani "raundi inayofuata ya switch" haipo. Lakini kwa anayejifunza, sheria inakuwa mbili pale alipotarajia moja.

PHP iliamua kuondoa tofauti hiyo. Katika PHP, switch ni chumba kwa maneno yote mawili: continue ndani ya switch hufanya kama break. Ukiitazama PHP peke yake, huo ni uamuzi wa msimamo, na lugha hiyo hata ilitoa njia ya kutaja idadi ya kuta, ukaandika break 2 au continue 2. Lakini watu waliotoka C na Java waliandika continue wakitarajia raundi inayofuata, wakapata kitu kingine bila onyo lolote. Toleo la 7.3, lililotoka Desemba 2018, likaanza kutoa tahadhari kila continue inapoelekezwa kwenye switch.

Mfano huu wa PHP nauona ndio wenye funzo kubwa kuliko yote, kwa kuwa unaonyesha kwamba msimamo una pande mbili zinazovutana. Kuna msimamo wa ndani: neno lifanye kazi moja popote ndani ya lugha. Na kuna msimamo wa nje: neno lifanye kazi ambayo watu wamekwisha kuizoea kwingine. Ukitimiza wa kwanza unaweza kuuvunja wa pili. Anayesema "mbunifu angeliweka tu neno moja kwa kazi moja" anasahau kwamba hakuna anayekuja kwenye lugha mpya akiwa mtupu.

Turudi kwa Go, maana kisa chake kina jambo la kushangaza. Ilitangazwa mwaka 2009 na Google, na mmoja wa wabunifu wake watatu ni Ken Thompson yuleyule wa B, pamoja na Rob Pike na Robert Griesemer. Go iliondoa ile tabia ya kuteremka. Tawi likiisha, limeisha. Ukitaka kuteremka unaandika neno fallthrough wewe mwenyewe, mchana kweupe. Kwa hiyo sababu kuu ya kuandika break mwishoni mwa tawi iliondoka. Lakini break ndani ya switch ikabaki na maana yake ya C, na hata select, ambayo huchagua kati ya njia za mawasiliano, ikafanywa chumba vilevile. Mwanafunzi anayefikiri vizuri husema: kama tawi halihitaji break, basi break nikiiandika humo lazima inalenga mzunguko. Hoja yake ni safi. Ni lugha ndiyo haikumfuata.

Kotlin, ambayo wengi wa Afrika Mashariki wanaifahamu kupitia programu za simu za Android, ilichukua njia ambayo naiheshimu. Chaguo lake la matawi linaitwa when. Mwanzoni wabunifu walikataza kabisa kuandika break au continue tupu ndani ya when iliyoko kwenye mzunguko. Kompaila ilikataa. Ulilazimika kuweka lebo, yaani kuupa mzunguko jina na kulitaja. Mwaka 2020, katika toleo la 1.4, wakaruhusu, na maana wakaiweka kuwa ya mzunguko. Kukataza kuliwapa muda. Msimbo uliokataliwa na kompaila haumvunji mtu unapokuja kuruhusiwa baadaye, ilhali msimbo ulioruhusiwa kwa maana mbovu unabaki nao milele.

Watu wengi hudhani lugha yenye maneno machache ndiyo rahisi. Idadi ndogo inapendeza kwenye tangazo, lakini ukiangalia kazi zinazobebwa na kila neno, hesabu inageuka. Chukua static ya C. Ndani ya fankisheni inamaanisha kigeu kibaki hai na thamani yake fankisheni itakapoitwa tena. Nje ya fankisheni inamaanisha jina hili lisionekane na mafaili mengine. Kiwango cha 1999 kikaongeza ya tatu: ikiwekwa ndani ya mabano ya orodha inayopokelewa na fankisheni, ni ahadi kwamba orodha itakuwa na angalau vipengee idadi fulani. C++ ikaongeza yake: kitu ni mali ya klasi nzima, yaani kiolezo cha kutengenezea vitu, si ya kila mfano wake. Kazi nne, tahajia moja. Muda wa uhai, kuonekana kwa jina, urefu wa orodha na umiliki ni mambo yasiyohusiana hata kidogo.

Sababu si uvivu wa kamati. Kila neno jipya maalumu linanyakua jina ambalo huenda maelfu ya programu zinalitumia tayari. Kama bool ingefanywa maalumu wakati huo, kila programu yenye jina bool ingegoma. Ndiyo maana mwaka 1999 kamati ya C ilipotaka aina ya kweli na si kweli ilichagua neno baya la _Bool, lenye mstari chini na herufi kubwa, ambalo hakuna aliyekuwa akilitumia. Kati ya kuongeza neno la kuchukiza na kulibebesha neno la zamani kazi mpya, mara nyingi walichagua la pili. Naelewa kwa nini. Lakini anayelipa ni msomaji, na analipa kila siku.

Wakati mwingine kutumia neno la zamani kunafaa. Neno auto lilikuwamo katika C tangu mwanzo, likimaanisha kigeu cha kawaida cha ndani, na kwa kuwa hali hiyo ndiyo chaguo-msingi, karibu hakuna aliyeliandika. C++ ya mwaka 2011 ikalifuta kazi hiyo na kulipa mpya: kompaila itambue aina ya kigeu yenyewe. Kazi ya zamani iliondoka ndipo mpya ikaingia, na neno halikubaki na mzigo wa kazi ya zamani.

Sasa dhana inayoniuma zaidi, kwa sababu inawavunja moyo vijana wetu: kwamba maneno haya ni ya Kiingereza, kwa hiyo anayekizungumza nyumbani hawezi kuchanganyikiwa nayo. Ukweli ni kwamba Kiingereza mara nyingi ndicho kinachompoteza mtu. Angalia const ya JavaScript, iliyoingia mwaka 2015. Kwa Kiingereza inaashiria kitu kisichobadilika. Lakini unaweza kuandika const orodha kisha ukaongeza vitu katika orodha hiyo mpaka uchoke. Kisichobadilika ni jina: huwezi kulielekeza kwenye orodha nyingine. Orodha yenyewe iko huru. Katika Go, const ni thamani inayojulikana kabla programu haijaanza kutekelezwa, kama namba au maandishi, na orodha haiwezi kuwa const kabisa. Aliyekulia London na aliyekulia Morogoro wote wanaanguka hapo, na pengine wa London ndiye anaanguka vibaya zaidi kwa kuwa alijiamini.

Python nayo ina else baada ya mzunguko. Kila mtu akiiona anadhani itatekelezwa kama mzunguko haukupata hata raundi moja. Sivyo. Inatekelezwa mzunguko ukiisha wenyewe bila kukatishwa na break, hata kama ulizunguka mara elfu. Neno else chini ya if ni "la sivyo". Chini ya for ni "kama hukukatishwa". Guido van Rossum, aliyeibuni Python, amewahi kusema kwamba kama angeanza upya asingeiweka.

Kwa nini basi wasirekebishe? Inawezekana, lakini ina bei. Python 3 ilitoka mwaka 2008 na mabadiliko yasiyopatana na Python 2, na Python 2 iliendelea kutunzwa mpaka mwanzo wa 2020. Miaka kumi na zaidi ya dunia kuishi na lugha mbili zenye jina moja. Wabunifu waliotazama kipindi hicho walijifunza kuogopa.

Njia bora imeonyeshwa na Go yenyewe, kwenye neno for. Kwa miaka mingi kigeu cha mzunguko wa for kilikuwa kimoja kwa raundi zote. Ukitengeneza fankisheni ndani ya kila raundi ili zitumike baadaye, zote zilijikuta zinashika kigeu kilekile, kwa kawaida chenye thamani ya mwisho. Hitilafu za aina hiyo zilijaa kila mahali. Toleo la 1.22, la Februari 2024, lilibadilisha: kila raundi ina kigeu chake. Mabadiliko hayo hutumika tu kwa mradi ambao faili lake la go.mod limetaja toleo la 1.22 au la baadaye. Mradi wa zamani unabaki na maana ya zamani mpaka mwenyewe abadilishe mstari huo. C# ilikuwa imefanya jambo la karibu na hilo mwaka 2012, lakini kwa foreach peke yake. For yake ya kawaida ikaachwa ilivyokuwa, na hivyo ndugu wawili wakatofautiana.

Kuna wanaosema mambo haya yamepitwa, kwa kuwa akili bandia ndiyo itakayoandika msimbo. Mimi naona kinyume. Neno lenye tabia mbili halimuumizi sana mwandishi, kwa sababu yeye anajua alichokusudia. Linamuumiza msomaji. Na kadiri mashine inavyoandika zaidi, ndivyo sisi tunavyobaki kuwa wasomaji, tena wasomaji wa msimbo ambao hatukuufikiria wenyewe.

Kwa anayetumia Go leo, dawa ya ule mzunguko wa mwanzo ni lebo. Andika jina, tuseme nje, pamoja na nukta pacha juu ya for, kisha ndani ya tawi andika break nje. Njia ya pili ni kuuhamishia mzunguko wote kwenye fankisheni yake na kutumia return, ambayo humtoa mtu kwenye fankisheni bila kujali kuta. Chombo cha ukaguzi kiitwacho staticcheck pia huonya kikikuta break isiyo na athari yoyote, na kumuuliza mwandishi kama alilenga mzunguko wa nje. Kiweke katika mradi wako mapema.

Kama unataka kuona neno break likitunzwa vizuri, tazama lugha ya Rust. Chaguo la matawi la Rust, match, ni pazia, kwa hiyo break tupu ina shabaha moja tu: mzunguko ulio karibu. Baadaye wabunifu walitaka break iweze pia kubeba thamani, ili mzunguko utoe jibu. Wakairuhusu kwa loop, mzunguko usio na mwisho wake wenyewe, na kuikataza kwa while na for, kwa sababu hizo zinaweza kuisha bila break na hapo jibu lingekosekana. Na mwaka 2022, katika toleo la 1.65, wakaongeza uwezo wa kutoka katikati ya kipande chochote cha msimbo, hata kisicho mzunguko. Hapo ndipo lugha nyingine zingelitupia neno mzigo wa pili. Rust iliweka sharti: kipande hicho lazima kiwe na lebo, na break lazima iitaje lebo hiyo. Break isiyo na lebo, popote uikutapo katika programu ya Rust, bado inakutoa kwenye mzunguko.